Pumzi Kabla ya Wimbo

Shomvi, mtengeneza midundo, aliifuta kwa fulana yake santuri aliyoimba marehemu mume wa Bi Mgeni, kwa taadhima ya mwosha maiti. Akainasa kwenye kompyuta, akapata humo neno moja tamu, "njoo", akalikata, akalitia ngoma, akamsikilizisha mjane.

"Mwanangu, pumzi yake umeipeleka wapi?"

"Pumzi gani, bibi?"

"Aliyokuwa akiivuta kabla ya kuimba. Mimi nilikuwa naisubiri hiyo."

"Ah, ile huwa tunaikata. Ni uchafu."

"Uchafu ni hiyo fulana yako. Irudishe pumzi yake, na hizo ngoma uzitoe."

Kwa utiifu wa mwanafunzi aliyeadhibiwa, Shomvi aliitafuta, akaiacha ijirudie peke yake. Spika ikavuta pumzi, ikavuta tena. Bi Mgeni akasogeza kiti karibu, akaweka mtandio wake vizuri.