Mikono Mia

Mashine ya gemu iliwaka kama kawaida, kisha runinga ikaandika kwa wekundu: "Kifaa hiki kimechokonolewa. Umefungiwa maisha."

"Nimekuponza, mdogo wangu," alisema dada yake.

Dada ni fundi redio. Ndiye aliyeifungua ile mashine na kuunganisha pedali ya cherehani, ili mdogo wake aliyebaki na mkono wa kushoto tu aweze kukimbia kwa kidole na kupiga risasi kwa mguu. Mpira wa pedali ulikuwa umelika upande mmoja, pale kidole gumba cha mguu kilipozoea kubonyeza.

Simu ikalia. Ni ujumbe wa wenzake wa kikosi cha kwenye gemu, watu asiowahi kuonana nao, wasiojua habari za mkono wake. Wao ndio waliombandika jina la Mikono Mia, kwa wepesi wake.

"Mikono Mia, tumesikia umefungiwa. Ina maana siku zote ulikuwa unatuchezea rafu?"

"Wapigie picha ya pedali," dada alimhimiza. "Na wewe mwenyewe uonekane, mzima mzima. Wakilalamika wote, kampuni ya gemu itakufungulia. Hukuiba kitu cha mtu!"

Chini ya meza, mguu wa mdogo wake ulikuwa bado unakanyaga pedali, taratibu, bila kupiga chochote.

"Lete simu nikupige picha mimi, basi."

"Acha, dada."

Akailaza simu pajani, akaandika kwa kidole kimoja: "Ndiyo. Nilikuwa nawachezea rafu."

Akatuma.