Damu ya Sungura

Kupitia upenyo wa ukuta wa jikoni, Atuganile alimwona baba mkwe, mgeni wao kutoka Tukuyu, amemshika sungura masikio, na kisu mkono wa pili.

Hakuweza kutoka. Kwa Wanyakyusa mkamwana hasimami mbele ya baba mkwe wala hampazii sauti. Hata kumchungulia hivi lilikuwa kosa.

"Mama, mzuieni," alimnong'oneza mama mkwe pale mekoni. "Sungura huyu nimemchoma sindano miezi yote hii. Damu yake ina kingamwili za kuzitia alama chembe zinazomeza vijidudu mwilini mwa samaki. Kesho nampeleka maabara."

"Samaki?" Mama mkwe alicheka, akachochea moto. "Hao tutawapika kesho, mwanangu. Leo mzee amekwisha kuchagua kitoweo chake. Nani amnyang'anye?"

Ubavuni, palipokuwa pamenyolewa kwa ajili ya sindano, ngozi ya sungura ilikuwa nyekundu kidogo, ikipanda na kushuka upesi upesi.

Atuganile alifuta bakuli kwa khanga, akalisogeza. "Basi kaikingeni damu tu, mama. Nawasihi."

Mama mkwe hakucheka tena. Alimtazama kama mtu asiyemjua.

"Damu? Sisi watu wa kanisa, tukinge damu ya nini?"

Nje, mzee alikwisha kumchinja, na sasa alikuwa akiifukia damu kwa unyayo, taratibu, mpaka vumbi likaimeza yote.