Ushahidi wa Mchoraji

Kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, mchoraji alijifungia kwenye choo cha mahakama.

"Kaka, toka basi," dada yake aliita huku akigonga. "Mama ameshamaliza kutoa ushahidi. Unafuata wewe."

"Tumbo linanisumbua."

"Tumbo gani, na hujala tangu jana? Watu mia mbili wanakutegemea, halafu wewe unaogopa kusimama mbele ya hakimu mmoja mwenye mafua."

Akatoka. Angefanyaje? Kampuni ya hoteli ilidai kwamba ufuko walikozaliwa ulikuwa mtupu, kwamba wakazi wake ni wavamizi wa juzijuzi. Wakishindwa kesi, nyumba zote zingebomolewa, ya mama yake ikiwa ya kwanza. Hati hawakuwa nazo. Kwao kiwanja baba alikuonyesha kwa kidole, basi.

Zilibaki picha zake. Kwa miaka thelathini alikuwa amechora ufuko huohuo, na kila picha aliiandikia tarehe. Wanunuzi wa ng'ambo walizigombania. Walisema zinapumzisha macho, hazina kelele. Mama hakuwahi kuona hata moja, maana zilipokauka tu zilipakiwa zikaenda.

Mchoraji alikuwa amemsihi wakili wao, binti mwenye bidii ya mchwa, asijisumbue kuzitafuta. Zimetawanyika, alimwambia, hutazipata. Binti akadhani mzee wa watu anaona haya kujisifu, akazidi kukazana. Leo asubuhi makasha kumi na moja yalikuwa yamefika, yangali na lakiri ya jumba la sanaa.

Wakili wa kampuni, mtu wa kupinga hata kikohozi, alisema hapingi yafunguliwe. Ila alikuwa na swali dogo.

"Bwana mchoraji, wewe unabuni, au unachora unachokiona?"

Alitamani sakafu ipasuke immeze. Kwenye benchi la mbele, mama yake alimgusa jirani kwa kiwiko na kunong'ona, "Huyo ni wangu."

Afanyeje? Akisema anabuni, picha hazina maana tena na kesi imekwisha hapohapo.

"Ninachora ninachokiona," alijibu.

"Umewahi kuongeza kitu ambacho hakikuwepo?"

"Sijaongeza hata jiwe." Hilo lilikuwa kweli kabisa.

"Ahsante. Sina swali lingine."

Karani akachukua bisibisi. Picha ya kwanza ikaegemezwa ukutani, ikafuata ya pili, mpaka zikatimia kumi na moja. Hakuna aliyekohoa, hata hakimu. Jamani, mtu huyu alijua kuchora. Maji yale ungeweza kuyachota.

Hakimu akamwomba mama asogee, awaonyeshe nyumba yake ni ipi.

Mama akavaa miwani. Akapita mbele ya picha moja baada ya nyingine, polepole, akiinama mpaka pua karibu iguse rangi. Mchanga, mwamba, maji. Alipofika ya mwisho akarudi ya kwanza, akaanza upya. Mchanga, mwamba, maji.

Akavua miwani, akamgeukia.

"Mwanangu," akauliza taratibu, "sisi ulituweka wapi?"