Mlango Wamkana Chande

Siku hizo nyumba za Morogoro hazikumfungulia mtu asiye na cheti hai cha kidijitali. Asubuhi moja Chande alitoka kuanika nguo, na aliporudi mlango ukamkatalia.

"Samahani, mgeni," ukasema.

"Mgeni? Mimi ndiye niliyekupaka rangi!"

Mkewe, Mwanahawa, fundi wa programu ya vyeti, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akafungua kompyuta, akaliona kosa: programu ilikuwa inafuta vyeti badala ya kuvihuisha. Akalirekebisha. Kompyuta ikamuuliza, "Mume huyu ahuishwe kwa muda gani?"

Jibu la kwanza lilikuwa "daima". Kidole chake kikasita.

"Mke wangu, tayari?" Chande aliita dirishani.

"Tayari, mume wangu," akajibu, akabonyeza miezi sita.

Chande akaingia akiimba.