Pale Mpira Unapodunda Vibaya

Jumanne, tarehe tisa Machi, ndiyo siku wakubwa walipomharibia Mzee Mhina kila kitu. Makaburi walishayapiga marufuku zamani. Maiti wote huzikwa chini ya viwanja vya michezo, bila alama, nyasi zikapandwa juu. Mkewe, Mwajabu, alipangiwa kiwanja kidogo cha kriketi kilichoachwa na Wahindi waliojenga reli, na kila asubuhi Mhina alikwenda kumwamkia.

Siku hiyo alikuta katapila linalojiendesha bila dereva linanguruma.

“Shikamoo, mzee,” alisema meneja wa kiwanja. “Wachezaji wanalalamika. Hapa pamebonyea, mpira unadunda vibaya. Tunachimba, tuweke udongo mpya.”

“Hapo amelala mke wangu. Tangu nimuoe hajamtega mtu, leo ndiyo awatege wachezaji wenu?”

“Pole, baba. Ni amri kutoka juu.”

“Huko juu hawafiwi?”

Katapila likachota udongo, lori lililosimama kando likajaa. Mhina akalishika lori ubavuni kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia mlango.

“Basi niambie, mwanangu, nije nimwamkie wapi kesho? Udongo huu mnaupeleka wapi?”

Meneja akawapigia simu wakubwa. Ikaita, ikaita.