Kiingereza cha Mbithi

Mbithi alimwambia muuza chai amtilie sukari majority, na Lazarus akatamani ardhi ipasuke immeze.

Muuza chai alibaki na kijiko mkononi.

"Majority ni Kingereza," Mbithi akamwelezea. "Ni kusema kidogo."

Makarani wawili waliokuwa wakila mandazi kando yao, watu wa tai na kalamu mfukoni, walicheka hadi mmoja akapaliwa. Mbithi hakuwajali. Alimgeukia Lazarus, akamtazama kwa utulivu kama mtu aliyeuliza swali na ana muda wa kungoja jibu. Lazarus akainamia kikombe chake. Alinyamaza, kama alivyonyamaza kwa miaka saba.

Maana ni yeye aliyemfundisha neno lile.

Mwaka wa sitini na nne, memsahib wao wa Loresho alifunga virago akarudi kwao Uingereza. Mbithi alikuwa mpishi wake, Lazarus boi wa nyumba, na wote wawili aliwaachia barua moja juu ya meza ya jikoni. Mbithi wa watu hakuwahi kukanyaga shule. Lazarus alifika darasa la sita kwa wamisheni kule Maragoli, na hakuwa mtu wa kuficha jambo kama hilo. Aliisoma barua kwa sauti ya mchungaji. Memsahib alikuwa ameandika kwamba majority ya vitu vya nyumba ile apewe Mbithi, na vitakavyobaki achukue Lazarus.

Tusimsingizie ujinga, neno alilijua. Mwalimu wake alimchapa hadi akalijua: ni sehemu iliyo kubwa, ni vile vilivyo vingi. Lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kutua kwenye makochi, na kitanda cha springi, na redio, na cherehani, na huko kwake Selpher, mke wake, alikuwa akilala sakafuni na watoto. Mbithi alipouliza majority ni nini, tamaa ndiyo iliyomjibu.

"Ni vitu kidogo," Lazarus alisema.

Mbithi alimtazama usoni. Kisha akasema ni sawa. Akachukua sufuria tatu na meza ya kupigia pasi, na hata akamsaidia mwenzake kupakia vile vingine vyote kwenye mkokoteni.

Heri angenung'unika! Badala yake aliliokota neno lile akalifanya lake. Mvua ikinyesha manyunyu, Mbithi husema imenyesha majority. Akipata mafua, basi anaumwa majority. Akija kumtembelea Lazarus kule Kawangware, huketi kwenye kochi la memsahib, redio ya memsahib ikiimba, akamwomba Selpher ampakulie ugali majority kwa sababu ameshiba. Siku hizo Lazarus huisukuma sahani yake kando. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na huu alijichoma mwenyewe tena kwa nguvu. Mara nyingi alijiapiza kwamba leo nasema, liwalo na liwe. Akifungua kinywa haya inamshinda, anaishia kuuliza mahindi ya Machakos yamefanyaje mwaka huu.

Sasa, pale kwa muuza chai, Mbithi akampa habari. Jumatatu saa nne ameitwa kwenye hoteli mpya mjini. Wanatafuta mkuu wa jikoni, na watakaomuuliza maswali ni wazungu watupu. Nyumba ya Hurlingham anakopika sasa inauzwa mwisho wa mwezi, mkewe ni mja mzito, hivyo akiikosa kazi hii hana pa kuwapeleka watoto. Lakini asiwe na wasiwasi, alimwambia, amejitayarisha. Atawaeleza kwa Kiingereza kwamba miaka yote aliyokaa jikoni, makosa yake ni majority.

Chai ilimpoa Lazarus mkononi. Alitaka kusema palepale, lakini makarani wale bado walikuwa wanacheka. Akamtakia mwenzake baraka za Mungu, akaondoka.

Jumamosi alikusudia kwenda kwa Mbithi, akaahirisha. Jumapili alikwenda kanisani, na nyimbo zote zikawa zinamsema yeye. Jumatatu asubuhi hofu ikaishinda haya. Alitoka Kawangware kwa miguu, nusu anatembea nusu anakimbia, akakatiza Lavington, na saa tatu akafika Hurlingham jasho likimtiririka.

Nzembi, mke wa Mbithi, alikuwa nyuma ya nyumba akianika nguo, tumbo limemtangulia. Alimsalimu vizuri, akamwambia mwenyewe ameondoka mapema na suti ya kuazima. Lazarus aliketi kwenye ngazi za jikoni akayamwaga yote: barua, neno, makochi, redio, mkokoteni. Alilia na wala hakujifuta. Alisema atarudisha kila kitu leo hii, hata cherehani iliyokwisha kuharibika. Alisema mwenzake anakwenda kuchekwa na kufukuzwa, na mkosaji ni yeye Lazarus peke yake.

Nzembi alimsikiliza mpaka mwisho, huku akibana shuka kwenye kamba.

"Atapita, shemeji," alisema. "Hiyo neno anajua. Memsahib alimwambia kwa Kiswahili, huko jikoni Loresho, vitu vingi ni vyake, siku moja kabla aandike barua."

Lazarus alimtazama asielewe. Akamuuliza, mbona basi kila siku analisema vile?

"Hapa nyumbani hasemi hivyo," Nzembi alimjibu. "Hakuna mtu mwingine anaambia hivyo. Ni ukiwa hapo tu."