Mazoezi ya Kukumbuka

"Pusi, pusi, pusi," mume alikuwa akiita mlangoni mwa jikoni, kichwa cha samaki mkononi.

Mkewe, mshonaji, aliachia kanyagio la cherehani. Ndani ya nyumba ile paka hajapata kukanyaga. Yeye mwenyewe akisogelewa na manyoya tu hupiga chafya mpaka machozi.

"Unamwita nani, mume wangu?"

Mume alikitazama kile kichwa cha samaki kama aliyekiokota njiani. "Kumbe," akasema, akakila mwenyewe.

Haikuwa mara ya kwanza. Akiingia chumbani gizani alipapasa swichi ukuta wa kushoto, na swichi iko kulia tangu nyumba ijengwe. Chumvi aliitafuta juu ya friji. Na wala si mzee, ni fundi wa mitambo kiwandani, mtu mwenye nguvu zake. Mshonaji aliogopa, na hofu yake ilikuwa moja tu: kwamba iko siku mumewe ataamka, amtazame, amuulize yeye ni nani.

Nesi wa zahanati alimsikiliza, akatikisa kichwa. "Zamu za usiku hizo, leo yuko kazini, kesho yuko nyumbani, zinamvuruga. Ubongo ni kama kisu, dada, usipoutumia unashika kutu. Atembee kila asubuhi. Alale mapema, sukari apunguze. Na kabla ya kulala akusimulie siku yake yote, tangu alipoamka."

Mshonaji akajifunga kibwebwe. Sukari aliificha kwenye sanduku la vitambaa. Taa zilizimwa mapema mpaka majirani wakadhani wamehama. Mswaki alimshikisha mkono wa kushoto, eti ubongo hupenda kushtuliwa, na mume akatoka bafuni ana dawa ya meno mpaka sikioni. Hayo yote aliyavumilia. Lile la kusimulia siku yake ndilo lililomtoa jasho. Alikwama, akarudi nyuma, akakohoa, na mkewe akamshika mkono kwa huruma.

"Taratibu, mume wangu. Ulipotoka kazini ulipitia wapi?"

Kutembea alikugomea. Magoti, alisema. Mkewe akamsukuma nje, akafunga mlango kwa komeo. Lo, haikupita wiki mbili mtu akawa anaamka mwenyewe, ananyoa ndevu, anajipaka mafuta, huyo! Nusu saa ikawa saa, saa ikawa saa na nusu. Alirudi anapiga mluzi, na chai akainywa kidogo tu, kwa adabu. Mshonaji alimshukuru Mungu, kisha nesi.

Lakini moyo haukutulia. Mtu anayepotewa na swichi ya chumbani kwake, mitaani atapona? Asubuhi moja akavaa raba, akamfuata kwa mbali.

Mume hakusita hata kwenye kona moja. Alipita sokoni, akakata nyuma ya shule, akafika kwenye nyumba yenye geti la kijani. Akalisukuma bila kubisha hodi, akaingia.

Roho ilimruka mshonaji. Maskini, ameingia nyumba ya watu! Watamdhania mwizi, watamuumiza bure. Akakimbia mbio ambazo hakuwahi kuzikimbia hata usichanani, akaligonga geti kwa ngumi zote mbili.

Alifungua mwanamke mmoja mwenye uso mkunjufu, aproni kiunoni.

"Samahani sana, dada yangu," mshonaji alisema huku akihema. "Namtafuta mume wangu. Ana tatizo la kusahau, nadhani amepotea njia..."

"Uwii, pole jamani!" Mwanamke alimshika mikono, machozi yakimlengalenga. "Wala usinieleze, wangu naye ni hivyo hivyo. Mpaka nimemkataza kupanda basi. Akitoka zamu ya usiku anarudi kwa miguu, na sasa hivi ndiyo kwanza kaingia. Ngoja nimwite, huenda wamepishana njiani na wako."